Ruta yako mwenyewe kwenye faiba ya nyumbani: kinachobadilika na kisichobadilika

Boksi ambalo fundi wa faiba anakuachia ukutani hufanya kazi mbili, na ruta utakayonunua dukani inaweza kulipokonya moja tu. Kazi ya kwanza ni kugeuza mwanga unaopita kwenye uzi wa kioo uwe umeme wa kupita kwenye waya wa kawaida. Kifaa cha kazi hiyo ndicho kinachoitwa ONT. Ya pili ni uruta wenyewe: kugawa anwani za IP (namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao) na kurusha waifai. Nyumba nyingi zina kazi zote mbili ndani ya boksi moja, ambalo lote hapa chini naliita ONT, na ndiyo maana watu hudhani wakileta ruta mpya la zamani linatupwa. Halitupwi. Ruta mpya hukaa nyuma yake.

Kununua ONT yako nako hakusaidii. Katika mfumo wa faiba uitwao GPON, uzi mmoja kutoka kwa kampuni hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64, na wote mnagawana takriban Gbps (gigabiti kwa sekunde) 2.5 za kushusha na 1.25 za kupandisha. Ili nyumba zisigongane, mtambo wa kampuni huitambua kila ONT kwa namba yake, ile iliyoandikwa SN kwenye kibandiko, na kuipa zamu ya kurusha mwanga. Isiyosajiliwa haipewi zamu. Inayorusha nje ya zamu inaweza kuwakatia mtandao majirani wote wa uzi huo. Kwa hiyo kichwa cha kijani cha faiba kiache kilipo. Kikichomoka, usichungulie ndani yake, maana mwanga wake hauonekani kwa jicho, wala usiguse ncha. Vumbi au mafuta ya kidole yanatosha kudhoofisha mawimbi. Taa ya LOS (ya kukosekana kwa mwanga) ikiwaka nyekundu, tatizo liko upande wa uzi na hakuna ruta itakayolitatua.

Dukani, tafuta ruta yenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la waya wa mtandao, na uhakikishe ni la gigabiti, yaani Mbps (megabiti kwa sekunde) 1000. Usidanganywe na namba kubwa ya waifai iliyo kwenye katoni, kwani zipo ruta zilizoandikwa AC1200 ambazo matundu yake ni ya Mbps 100. Ukilipia kifurushi cha 200 na kipimo kikagoma kwenye 94 hivi, hiyo ndiyo dalili. Waya nao huleta dalili ileile: gigabiti inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, ilhali Mbps 100 zinapita kwa nne tu, hivyo kebo ambayo mmoja wa zile nne nyingine umekatika huonekana nzima.

Kwa familia nyingi napendekeza njia nyepesi: ruta mpya iwe kirusha waifai tu. Ingia kwenye mipangilio yake, chagua modi ya access point, kisha unganisha waya kutoka tundu la LAN (la kutolea mtandao kwa vifaa vya ndani) la ONT. Kama haina modi hiyo, ipe anwani isiyogongana na ya ONT, zima DHCP yake (huduma ya kuvigawia vifaa anwani), na uchomeke waya kwenye LAN yake, usiuweke WAN. Ukisahau kuzima DHCP, vifaa viwili vitagawa anwani kwa wakati mmoja, na simu zitapata intaneti leo na kukosa kesho bila sababu inayoonekana.

Wanaotaka ruta yao iongoze kila kitu, kwa mfano kugawa kasi au kuendesha VPN (njia ya siri ya kupitisha mtandao), wanahitaji ONT iwekwe kwenye modi ya briji. Hapo ONT inabaki na kazi ya mwanga tu. Kabla ya kugusa chochote, iulize kampuni mambo manne: je, wanaruhusu briji, unaingia kwa PPPoE (kwa jina na nenosiri) au kwa DHCP (kwa kupewa anwani moja kwa moja), jina na nenosiri la PPPoE ni lipi, na je, ruta yako inatakiwa kuweka namba ya VLAN (lebo inayotenganisha huduma kwenye laini moja). Namba hiyo ikikosewa, taa zote zitawaka vizuri na intaneti isipite. Kwenye DHCP, baadhi ya kampuni hufungia laini kwenye anwani ya MAC (namba ya kiwandani) ya kifaa cha kwanza. Waombe waifute, au uinakili kwenye ruta yako.

PPPoE ina mtego mmoja unaopoteza muda wa watu wengi. Yenyewe hula baiti 8 za kila pakiti (kifungu cha data), hivyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, inashuka kutoka 1500 hadi 1492. Ruta ikibaki na 1500, tovuti fulani hufunguka na nyingine hukwama katikati. Weka 1492.

Na tafadhali usibonyeze kile kitundu cha kurudisha ONT kwenye hali ya kiwandani. Kinaweza kufuta mipangilio yote ambayo kampuni iliweka, nawe ukasubiri fundi.

Briji ikikataliwa bado unaweza kuunganisha LAN ya ONT kwenye WAN ya ruta, ila anwani zitatafsiriwa mara mbili. Kuvinjari hakutasumbua, michezo ya mtandaoni na kamera za kutazamwa ukiwa mbali ndizo zitakazosumbua. Anwani zisifanane: ONT ikiwa 192.168.1.1, ipe ruta 192.168.50.1, la sivyo haitajua upande upi ni nje. Ukiona WAN ya kifaa kinachoingia kwa kampuni ina anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kampuni yenyewe imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kufungua poti (mlango wa kuingilia kutoka nje) kwenye ruta hakutasaidia; omba anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa.

Mwisho ni umeme. Ukikatika, UPS ndogo (betri ya akiba) inayolisha ruta peke yake itakupa waifai isiyo na intaneti, kwa sababu ONT imezimika. Lisha vyote viwili, lakini soma kwanza vibandiko: ONT nyingi hutumia volti 12, ila ruta nyingine ni za volti 9, na kuichomekea 12 kunaweza kuiunguza. Kisha jumlisha ampea za vifaa vyote viwili na uhakikishe UPS inazimudu kwa pamoja.