Je, wajua? Mzee aliyepasuliwa tezi dume bado anayo

Kwenye baraza za kahawa za Ujiji, mjini Kigoma, mzee akirudi kutoka hospitali baada ya kupasuliwa uvimbe wa tezi dume, ile tezi iliyo chini ya kibofu, uliomziba mkojo, mawili husemwa kwa uhakika kabisa: tezi dume yake imetolewa yote, na uanaume wake umekwisha. Yote mawili si sahihi, ingawa hilo la pili lina historia.

Mwaka 1895 J. William White, daktari wa upasuaji wa Philadelphia, Marekani, alichapisha habari za wagonjwa 111 waliohasiwa ili tezi inywee. Hoja ilikuwa na msingi, maana tezi dume hukua kwa homoni ya korodani. Wengi waliripotiwa kupata nafuu. Lakini taarifa zilikusanywa kwa madaktari mbalimbali, bila kundi la kulinganisha, na takriban 18 katika kila 100 walifariki. Kuhasi kukaachwa mara upasuaji wa tezi yenyewe uliposhika kasi.

Upasuaji huo daktari Eugene Fuller alishaufanya New York miaka ya 1890, ila aliyeueneza ni daktari Peter Freyer wa London, kuanzia 1900. Alipasua tumbo chini ya kitovu, akafungua kibofu, akapitisha kidole hadi kwenye shingo yake. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa ndani ya njia ya haja kubwa, kikiisukuma tezi juu. Hakuona kitu; alipapasa tu, na uvimbe ukatoka.

Uliwezaje kutoka kwa kidole? Uvimbe huu usio wa saratani huota katikati ya tezi, ukiuzunguka mrija wa mkojo. Kadiri unavyokua, unaibana sehemu ya nje mpaka inabaki tabaka jembamba. Chukua chenza lililoiva: ukipenyeza kidole gumba kati ya ganda na nyama, ukakizungusha taratibu, chenza huachia na kutoka zima. Kati ya uvimbe na tabaka la nje kuna mpaka wa namna hiyohiyo, na ndio uliofuatwa na kidole cha Freyer. Tofauti ni kwamba hapa ganda halitupwi. Linabaki mwilini, na hilo ganda ni tezi halisi. Freyer mwenyewe alishikilia kwamba alikuwa ameitoa tezi nzima, na wenzake wakambishia kwa miaka. Nadhani ni kosa linaloeleweka: donge mkononi lilikuwa kubwa, lenye umbo kamili.

Kukwangua uvimbe kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, kulikoenea tangu miaka ya 1930, nako huacha tabaka lile. Upasuaji wa saratani ni habari nyingine, kwani huko tezi huweza kutolewa pamoja na ganda lake.

Na uanaume? Kwa wengi waliopasuliwa kwa uvimbe wa kawaida nguvu hubaki. Kinachobadilika mara nyingi ni kwamba shahawa hurudi kwenye kibofu badala ya kutoka nje, kwa kuwa shingo ya kibofu imepanuliwa. Haimdhuru mtu, ila anayetaka mtoto aambiwe kabla ya kupasuliwa.

Saratani nyingi za tezi dume huanzia kwenye tabaka la nje, lile lililoachwa. Kwa hiyo mzee aliyepasuliwa miaka 10 iliyopita, mkojo ukimtoka vizuri kabisa, bado ana tezi ya kupimwa.