Rekodi ya umma ya malalamishi dhidi ya polisi: maana yake

Chukua kijana aliyevunjwa mkono kwa rungu la askari usiku, Kayole. Asubuhi anaenda kituoni, kisa chake kinaandikwa kwenye kile kitabu kikubwa cha kaunta, Occurrence Book au OB kwa kifupi, naye anapewa nambari kwenye kikaratasi: OB 27/14/3/2025. Yaani tukio la 27 lililoandikwa tarehe 14 Machi. Halafu fomu ya P3, ile ya polisi ya kuonyesha majeraha, ijazwe na daktari. Akifika IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, faili nyingine inafunguliwa. Akienda kortini kudai fidia, nyingine tena.

Rekodi ya umma ni karatasi hizo zote zikikusanywa chini ya jina la askari mmoja, mahali ambapo mwananchi yeyote anaweza kuzisoma.

Hapa Nairobi karatasi zipo, ila zinafuata tukio, hazimfuati mtu. Askari akihamishwa kutoka Kayole hadi Kasarani, OB inabaki Kayole, na wakazi wa Kasarani wanampokea kama mgeni asiye na historia. Ripoti za IPOA zinakupa idadi ya malalamishi na aina zake. Hazikupi historia ya askari mmoja mmoja.

Hukumu za korti ndizo zilizo wazi zaidi, kwani tovuti ya Kenya Law huzichapisha bure. Lakini kesi ya fidia mara nyingi humshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali, kwa hivyo ukitafuta kwa kichwa cha kesi humwoni askari. Jina lake limezama katika aya za ndani. Fidia nayo hutoka hazina ya serikali, kwenye kodi ya huyo huyo aliyepigwa na majirani zake. Hili linaniuma kuliko yote.

Kwingine wameshapigania jambo hili. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya jimbo la Illinois, Marekani, iliamua kwamba nyaraka za malalamishi dhidi ya polisi wa Chicago ni za umma, na leo mtu huandika jina la askari akaona orodha. New York ilikuwa na kifungu cha 50-a, cha mwaka 1976, kilichoficha rekodi za nidhamu za polisi. Kilifutwa Juni 2020.

Lalamiko si hatia, na askari naye ana haki yake. Ndiyo maana rekodi ya maana huonyesha lalamiko liliishia wapi: lilithibitishwa, lilitupwa, au ushahidi haukutosha. Hata hivyo watu kumi wasiojuana wakisimulia kofi lile lile, barabara ile ile, mikono ile ile, kuna jambo la kuchunguzwa ambalo faili moja peke yake isingelionyesha.

Jina la mlalamishi ni suala tofauti kabisa. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa amemlalamikia askari kwa IPOA, na dereva wao wa teksi walitekwa baada ya kutoka mahakama ya Mavoko. Miili yao ilipatikana mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpasha habari wao. Kwa hivyo nikisema rekodi iwe wazi, nasema jina la askari liwe wazi. La mlalamishi lifunikwe mpaka yeye mwenyewe aamue.

Kwa sasa, njia iliyopo ni barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakuruhusu kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali, nayo ofisi husika inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Ukinyimwa, peleka malalamishi kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamishi ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Katika barua taja kituo, tarehe na nambari ya OB, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kama unadai fidia kwa kesi ya kawaida ya madhara, usingoje majibu hayo: sheria inakupa miezi 12 tu tangu siku ya tukio.