Kabla ya kuniuliza dawa ya samaki, niambie bwawa linakauka lote

Wafugaji wa sato wanaponitafuta, swali huwa ni dawa. Samaki wanahema juu ya maji alfajiri, wana vinundu vya manjano, wamekataa chakula. Nami huanza na swali moja: ukifungua bomba la kutolea maji, bwawa linabaki kavu kabisa? Mara nyingi jibu ni hapana, na hapo tayari nimepata nusu ya ugonjwa.

Watu hupenda kuchimba bondeni kwa sababu udongo wa mfinyanzi unashika maji. Ni sawa, lakini bwawa likishuka chini ya usawa wa maji ya ardhini, halitakauka kamwe. Sakafu inatakiwa iteremke kuelekea kwenye bomba, na mfereji wa nje uwe chini zaidi ya bomba lenyewe. Katika bwawa la mita za mraba 300, ukubwa uliozoeleka Kenya tangu mpango wa serikali wa ufugaji wa samaki wa 2009, mteremko wa angalau sentimita 10 hadi 20 kutoka upande mmoja hadi mwingine unahitajika. Usipokuwepo, mabaki ya chakula, samadi na kinyesi hujikusanya na kuwa tope jeusi lisilo na hewa. Tope hilo hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki. Dume la sato huchimba kiota chake hapohapo sakafuni, kwa hiyo hulitibua kila siku.

Kina nacho kina mambo yake. Mimi hupendekeza sentimita 80 upande wa kina kifupi na mita 1.2 upande wa bomba. Wapo wanaochimba mita 3 wakiamini maji mengi ndiyo hewa nyingi. Siyo hivyo. Jua hupasha maji ya juu, ya chini yanabaki baridi, na tabaka hizo mbili hazichanganyiki. Huko chini oksijeni huisha. Siku mvua kubwa ya baridi inaponyesha au upepo mkali unapovuma, maji ya chini hupanda ghafla, na mfugaji anaweza kuamkia samaki waliokufa. Hata bwawa la kina kizuri hupungukiwa hewa kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu mwani unaotoa oksijeni mchana huitumia usiku. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sato huanza kutaabika.

Kingo ndizo zinazosahaulika zaidi. Ukingo uliolala sana huacha maji ya kifundo cha mguu, nyasi huota, konokono huzaana humo, na korongo hupata pa kusimama akivua. Hapo mzunguko wa minyoo ya Clinostomum umekamilika: ndege huacha mayai ya minyoo majini, viluwiluwi vya minyoo huingia kwa konokono, kisha hutoka na kuingia kwa samaki. Ndivyo vinundu vya manjano vile. Usitegemee dawa ya kumwaga bwawani ivimalize. Kata nyasi, na ujenge ukingo unaoshuka mita 1 kwa kila mita 2 za upana.

Kuhusu mabwawa yaliyopangwa mfululizo, la kwanza likimwagia la pili na la pili likimwagia la tatu, sina subira nayo. Samaki wa bwawa la mwisho huishi katika uchafu na vimelea vya wote waliotangulia. Kila bwawa lipate mlango wake wa kuingizia maji, wenye chujio, na wake wa kutolea.

Kama bwawa lako tayari limechimbwa vibaya, baada ya kuvuna litoe maji kwa pampu, uondoe tope, kisha uliache juani hadi ardhi ipasuke. Madimbwi yanayogoma kukauka yamwagie chokaa isiyozimwa (ambayo bado haijachanganywa na maji), ukiwa umevaa glavu na miwani. Tope hilo lipeleke mbali, shambani, kwani ukilirundika juu ya tuta, mvua ya kwanza italirudisha ndani.