Fomu haina jina, lakini aliyeijaza anajulikana

Hoteli nyingi hapa Malindi na Watamu sa hivi zimeanza kuwauliza wafanyikazi kama wanaridhika na kazi, na mimi nafurahi sana manake hii ndo kazi yangu na naamini mtu kuulizwa hali yake kazini ni haki yake. Ila wenye hoteli wengi wakinipigia simu wanataka namba moja tu, stafu wameridhika asilimia ngapi, waiweke kwenye ripoti yaishe. Namba hiyo moja haiwasaidii kitu.

Kuridhika na kazi kuna mafungu yake. Paul Spector, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1985 alitoa dodoso ambalo mpaka leo linatumika sana, lina maswali 36 na kazi ameigawa mafungu tisa: mshahara, kupandishwa cheo, msimamizi, marupurupu, kutambuliwa ukifanya vizuri, taratibu za kazi, wenzako, kazi yenyewe na mawasiliano. Kila fungu maswali manne. Sasa mchukue mama wa hauskipingi, kazi anaipenda, wenzake anapatana nao, akitandika kitanda hukuti hata kunyanzi moja, lakini sevis chaji (ile pesa ya huduma anayotozwa mgeni, stafu wakagawana) hajui inapigiwa hesabu vipi na supavaiza anambadilishia shifti saa nne usiku kwa meseji ya WhatsApp. Ukimuuliza tu "umeridhika na kazi?" atakwambia alhamdulillahi, manake kwetu mtu hatii doa riziki yake. Muulize fungu kwa fungu, hapo ndo utaona kwenye wenzake kapanda juu kabisa na kwenye msimamizi kashuka chini, na hapo unajua cha kurekebisha.

Wastani nao uangalie vizuri. Tuseme jikoni kuna watu 20 na unatumia ile ngazi ya 1 (sijaridhika kabisa) mpaka 5 (nimeridhika sana) aliyoileta mwanasaikolojia Rensis Likert mwaka 1932, kumi wakaweka 5 na kumi wakaweka 1, wastani unatoka 3, utaandika "wako katikati" na katikati hakuna mtu hata mmoja! Angalia kwanza majibu yalivyotawanyika, pengine walioajiriwa kwa kudumu wako upande huu na makazuali wako upande ule.

Sasa linaloniuma zaidi ni hili. Fomu juu imeandikwa usiandike jina, halafu chini inauliza idara, jinsia, umri, miaka uliyofanya kazi hapa, na shifti. Haya, mwanamke, peistri (wanaopika keki na mikate), zaidi ya miaka kumi, shifti ya asubuhi, hoteli nzima huyo ni mmoja, yeye mwenyewe anajua na meneja anajua, kwa hivyo anaweka 4 kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho na kurudisha karatasi. Hapo umepima woga wake tu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 yenyewe inasema taarifa inayoweza kumtambulisha mtu, hata kwa njia isiyo ya moja kwa moja, ni data yake binafsi, kwa hivyo kutoandika jina peke yake hakutoshi. Mimi nauliza idara basi, na idara yenye watu chini ya kumi naiunganisha na nyingine, peistri inaingia jikoni, watu wa bustani wanakaa na mafundi. Boksi la fomu linawekwa mesi ya stafu na lina kufuli, si pale mlangoni kwa meneja. Na anayeingiza data asiwe mtu wa hapo hotelini, huu mji wetu mdogo, utakuta karani ni shemeji yake supavaiza. Maoni ya kuandika kwa mkono nayachapa upya yote manake mwandiko unajulikana, na anayechanganya Kigiriama na Kiswahili kwa namna yake pia anajulikana, basi malalamiko nayaacha vile vile lakini ile alama ya mtu naitoa.

Msimu pia. Usipime mwezi wa tano, kusi limeanza, mvua, hoteli nyingine zimefunga na makazuali wako majumbani Muyeye na Maweni, utapata alama nzuri kwa sababu wenye kulalamika hawapo kazini. Pima Agosti wageni wakiwepo, na mwakani pima Agosti tena kwa maswali yale yale, usilinganishe na Desemba.

Majibu yakitoka stafu wayasikie mapema, pale pale mesi, hata yale mabaya, na mwenye hoteli aseme anaanza na lipi. Si lazima aongeze mshahara siku hiyo hiyo. Ratiba ya shifti ibandikwe wiki moja kabla, hesabu ya sevis chaji ibandikwe ukutani kila mwezi, haya hayana gharama kubwa na watu wanayaona kwa macho. Wasipoona kitu, mwaka ujao watajaza 4 juu mpaka chini tena.

Na meneja akiniomba fomu zenyewe "azipitie kidogo" simpi, hata akiwa ndiye anayenilipa. Anapata ripoti ya idara, fomu nazichoma data ikishaingia, na hilo tunaliandika na kutia sahihi kabla sijaanza kazi.