Bwana shamba si wa kuitwa mahindi yakishaugua

Simu huanza kuingia Januari, mahindi yakiwa ya magotini. "Bwana shamba, njoo na dawa, shamba linakwisha." Wiki hii nimepokea sita kutoka kata moja tu hapa Mbozi, mkoani Songwe. Kila niliyemuuliza alipanda lini, kwa nafasi gani na kwa mbolea gani, jibu ni lile lile: hayo yalishapita, wewe njoo uone wadudu.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba afisa ugani ni mtu wa kuitwa mmea ukishaugua. Mahindi yakifika magotini, sehemu kubwa ya mavuno yako imeshaamuliwa. Nilikuwa na mengi ya kukuambia Septemba.

Msimu uliopita mama mmoja alinionyesha mahindi yaliyodumaa, majani yamegeuka zambarau, akaomba nimtajie mbolea ya kunyunyizia. Alikuwa amepanda bila mbolea ya kupandia, akitegemea Urea ya kukuzia. Urea ina naitrojeni peke yake, na mmea ule ulikuwa unalilia fosforasi. Fosforasi haitembei kwenye udongo. Inakaa pale ulipoiweka, mzizi ndio unaoifuata, na ndiyo maana DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, inatiwa shimoni siku ile ile ya kupanda, ikafunikwa na udongo kidogo kabla ya mbegu ili isiiunguze. Ukiimwaga juu ya ardhi wiki ya tano, mzizi hauipati. "Kwa hiyo hakuna dawa, mwanangu?" aliniuliza. Sikuwa nayo. Tungekutana miezi miwili nyuma tungekuwa na mazungumzo mengine.

Kupima udongo ni vivyo hivyo. Tuna vifaa vya kupimia siku hizi, lakini mtu analeta udongo Desemba, shamba limeshapandwa. Kama pH, yaani kipimo cha uchachu, iko chini ya 5.5 (namba ikishuka, uchachu unapanda), na mashamba mengi ya Nyanda za Juu Kusini yako huko, unahitaji chokaa ya kilimo, na chokaa inafanya kazi taratibu: ichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Kwa hiyo chukua udongo mapema, kina cha sentimita 20, sehemu kama 15 ukitembea kwa mwendo wa nyoka, uchanganye kwenye ndoo safi, uniletee nusu kilo. Usichote kwenye kichuguu wala palipochomwa mabua.

Halafu nafasi. Hapa nitasema jambo ninalolirudia mpaka watu wananikimbia: tumia kamba. Kamba yenye alama kila sentimita 30, mistari ikiachana sentimita 75, mmea mmoja kila shimo, inakupa karibu mimea 18,000 kwa ekari. Anayepanda kwa kukisia hatua anafika sentimita 90 kwa 60 bila kujua. Hapo ana mashimo 7,500 tu, na kutupia mbegu tatu tatu hakumsaidii, kwa kuwa mimea mitatu inagombea chakula cha shimo moja. Hakuna dawa nitakayoileta Januari ikajaza pengo hilo.

Hata wadudu wenyewe, ambao ndio sababu ya simu, wana wakati wao. Kiwavijeshi vamizi tunaye tangu 2017. Nondo wake hutaga mayai kwa mafungu, 100 hadi 200. Kiwavi akiwa mdogo anakwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe, na hapo dawa inampata. Akikua anazama kwenye moyo wa mmea na kujiziba kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao, na ukimwaga dawa juu yake unailowesha ile taka tu. Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapochomoza. Ukiona vidirisha, piga simu siku hiyo hiyo. Tukikubaliana kupulizia, fanya jioni au alfajiri, na usirudie dawa ya aina moja msimu mzima, wadudu wanaizoea.

Mengine niyaseme kwa kifupi.

Mimi sigawi mbolea ya ruzuku. Inauzwa na mawakala, kwa namba yako ya usajili wa mkulima. Kunikasirikia ghala likiwa tupu hakulijazi.

"Mbolea ya chumvichumvi imeua udongo wetu." Matumizi ya miaka mingi ya mbolea zenye amonia au zinazoitoa udongoni, Urea ikiwemo, kweli huongeza uchachu. Lakini shamba hilo hilo limelimwa mahindi miaka 20 bila maharage, mabua yamechomwa kila Agosti, samadi haijaingia, chokaa haijaingia. Ukiacha mbolea na kuyaendeleza hayo, udongo utachoka vilevile, na utavuna kidogo zaidi.

Mbegu chotara, ile inayotokana na kuchanganya aina mbili, usipande tena punje ulizovuna kwake. Watoto wake hawafanani na mama, na mavuno yanashuka.

"Muuza duka ananitosha." Anaijua bidhaa yake, lakini hajaliona shamba lako.

Na wazee wanaoniambia wamelima miaka 40 kabla sijazaliwa, shikamooni. Nyinyi ndio mnajua maji yanatuama wapi na mvua ya kwanza inadanganya lini, na bila hayo ushauri wangu unayumba. Ndiyo sababu napenda shamba darasa kuliko mkutano. Tunapanda nusu kwa mazoea yenu, nusu kwa kamba na mbolea ya kupandia, na tunapima mavuno kwa debe mbele ya kila mtu.

Kijiji ni kikubwa, na sitafika kila shamba. Kikundi chenye eneo la robo ekari la shamba darasa karibu na njia kinitafute kabla ya Septemba kwisha. Kamba nitakuja nayo.