Orijino haimaanishi picha safi jamani

Jumamosi iliyopita nilipita Ngarenaro kwa chalii mmoja anayejaza muvi kwenye flashi, nimebeba flashi ya mtoto wa dada yangu maana alikuwa anakuja kulala kwangu na mvua ikishaanza Arusha hamna pa kumpeleka mtoto. Nikamwambia naomba The Iron Giant, ile katuni ya lile lijitu la chuma linalotoka angani. Akasema, "Dada hiyo ninayo, tena orijino kabisa." Nikamuuliza orijino kivipi? Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kumwelekeza mzee kwenye ATM, akanijibu, "Orijino dada, yaani haijarekodiwa ukumbini, picha kali, haina vichwa vya watu."

Sikubishana naye, foleni ilikuwa nyuma yangu. Ila hii ni mara ya ngapi sasa? Kwenye muvi, kwenye viatu, kwenye spea za pikipiki, kila kinachong'aa ni orijino. Acha niliseme leo litoke kifuani.

Maana yenyewe ni fupi. Orijino ni kile kilichotoka kwa mwenyewe, yaani kwa aliyekitengeneza au kwa aliyepewa ruhusa naye. Kwa filamu ya kuangalia nyumbani, orijino ni lile toleo ambalo mwenye filamu ameamua kulitoa yeye, iwe mkanda, iwe DVD, iwe kwa njia ya intaneti. Basi. Ukali wa picha ni kesi nyingine kabisa, unaweza ukawa na orijino yenye picha mbovu na ukawa na ya wizi inayometameta kama kioo cha saluni.

Sasa neno lenyewe, maana hapa ndo pananiuma. Orijino tumeitoa kwenye Kiingereza lakini Waingereza nao walilitoa kwenye Kilatini, kule kulikuwa na kitenzi oriri, maana yake kuchomoza, kama jua linavyochomoza, na ndo humohumo Wazungu wakapata jina la Orient kwa nchi za mashariki, kwenye mawio. Kwa hiyo kwa kuzaliwa kwake hili neno linauliza kitu kimechomozea wapi. Kwa sisi wa Arusha jua linachomozea upande wa Moshi, na naomba watani zangu wa Moshi wasianze kujiita orijino kwa sababu hiyo, najua mmeshaanza.

Kiswahili nacho tuna asili, la Kiarabu, na kule asl ni mzizi, shina la kitu. Ona sasa, Mlatini alitazama juu angani, Mwarabu akatazama chini ardhini, lakini wote wawili wanauliza swali lilelile la umetoka wapi. Hamna kati yao aliyeuliza unang'aa kiasi gani. Anayeuliza mambo ya usafi ni neno lingine, halisi, na hilo nalo ni la Kiarabu, khalis, kitu kisichochanganywa, ndo maana tunasema asali halisi, maziwa halisi, yaani hayajatiwa maji. Kilichotokea mtaani ni kwamba tumelichukua orijino tukalipa kazi ya halisi, halafu halisi tukamwacha kwenye chupa za asali.

Na ngoja nimalizie na ndugu zake. Nakala, Kiarabu tena, naql ni kuhamisha, kubeba kitu toka hapa kwenda pale, kwa hiyo nakala ni kitu kilichohamishwa. Kopi ndo inanichekesha zaidi, Kilatini copia maana yake wingi, neema, ghala limejaa. Yaani chalii wa Ngarenaro mwenye muvi elfu ngapi sijui kwenye laptopu moja ndiye mtu pekee mjini anayelitumia hilo neno kwa maana yake ya zamani.

Ukishaelewa hapo utaona kitu ambacho watu hawapendi kukisikia: kila DVD duniani ni nakala, hata ile iliyotoka kwa mwenyewe ikiwa na karatasi yake ya plastiki haijafunguliwa. Filamu yenyewe ilikuwa kwenye mikanda mikubwa ya sinema, wewe umeuziwa kilichohamishwa. Kwa hiyo kinyume cha orijino hapa siyo kopi, kinyume chake ni bila ruhusa. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, na yote inazunguka kwenye ruhusa, kuona giza au kuona mwanga siyo shughuli yake. Na zile stempu za TRA zilizoanza kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu 2013, wengine walikuwa wanazichukulia kama muhuri wa kuthibitisha picha kali. Zilikuwa za kodi na za kuonyesha mzigo umepita njia halali. Ndani ungeweza kukuta sauti imepishana na midomo na stempu ipo palepale.

Turudi kwenye lijitu la chuma, maana filamu hii inaonyesha vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua kwamba orijino na safi ni vitu viwili. Ilitoka sinema Marekani Agosti 6, 1999, ya Warner Bros., na ilikuwa filamu ndefu ya kwanza ya Brad Bird kuiongoza, imetokana na kitabu cha Ted Hughes cha 1968. Hadithi inawekwa 1957, mwaka ambao Warusi walirusha angani setilaiti yao ya Sputnik na Wamarekani wakawa wanaogopa kila kitu kinachopita angani, mtoto mmoja anaitwa Hogarth anaokota rafiki wa chuma mrefu kuliko miti. Watu wamechorwa kwa mkono kwenye karatasi, lile jitu limetengenezwa kwa kompyuta, ukiangalia vizuri utaliona linavyotembea tofauti kidogo na wengine, na inalipendeza kwa sababu ni mgeni kweli. Kwenye majumba ya sinema haikuuza. Mkanda wa VHS na DVD vikatoka Novemba 23 mwaka huohuo, miezi mitatu na nusu tu baadaye, na ni majumbani na kwenye TV ndipo watu walipokuja kuipenda.

Lakini angalia walichopewa. Filamu ilitengenezwa pana, upana ni mara 2.39 ya urefu wa kwenda juu, na TV za wakati ule zilikuwa karibu mraba, 1.33. Picha ya upana huo ukiikata pembeni mpaka ienee kwenye TV ya mraba unatupa karibu asilimia 44. Karibu nusu ya picha imeachwa sakafuni! Mikanda mingi ilitoka na umbo hilo la mraba, na hata yale matoleo ya kwanza yaliyoitwa mapana yalitoka 1.85, ambalo silo umbo la sinema. Sasa niambie, hiyo ni orijino? Ndiyo, orijino mia kwa mia, imetoka kwa mwenyewe, imelipiwa, ina boksi. Ila picha siyo ile iliyotengenezwa. Kwa umbo la sinema ilibidi watu wasubiri toleo jingine, 2004.

Halafu 2015 akarudi Bird mwenyewe, filamu ikasafishwa upya na vikaongezwa vipande viwili alivyokuwa amevitaka tangu zamani vikashindikana, wakaiita Signature Edition. Hapo watu wengine huanza kubishana ipi ndo orijino, ya 1999 au hii. Zote. Ya 1999 ni ya kwanza, na ya kwanza nalo ni neno lake mwenyewe, tusilibebeshe orijino na huo mzigo.

Kuna tukio la nyumbani ambalo mimi nalitumia kila nikibishana na mtu kuhusu hili. Miaka ya DVD ilipokuwa imepamba moto, binamu yangu aliyekuwa Marekani alimtumia bamkubwa Moshi furushi la DVD, zote mpya, zimefungwa, za bei kweli. Tulikuwa sebuleni kwake, mtaa wa Pasua, watu kama kumi na mbili, watoto wamekaa chini kwenye mkeka, bamkubwa akafungua moja kwa kisu cha mezani taratibu kama anapasua papai, akaiweka kwenye deki. Deki ikanguruma, ikanyamaza, ikaandika kwenye skrini kwamba diski hii haichezi kwenye kanda hii. Akaitoa, akaifuta na shati, akairudisha, ikaandika vilevile. Akajaribu ya pili, ya tatu. Bamkubwa akavua miwani akasema, "Huyu mtoto kapigwa huko Marekani, kauziwa feki."

Akampa kaka hela akakimbia stendi, akarudi na ile diski ya muvi 20 ndani ya moja, ambayo kwenye jalada kulikuwa na roboti ambalo halikuwemo kwenye muvi hata moja. Ikacheza bila swali. Bamkubwa akairusha miguu yake juu ya stuli, akasema, "Hii sasa ndiyo orijino."

Kilichokuwa kimetokea ni hivi. Waliotengeneza DVD waliigawa dunia vipande, Marekani ikawa kanda ya 1, sisi Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika tukawekwa kanda ya 5, na deki inayotii sheria zao inakataa diski ya kanda nyingine. Ile deki ya bamkubwa ilikuwa ya kampuni yenye jina, ikatii. Diski ya stendi haikuwa na kanda yoyote kwa sababu aliyeichoma hakuwa na habari na mtu. Kwa hiyo orijino ilikataa kwa sababu ni orijino, na ya wizi ikakubali kwa sababu ni ya wizi, na sebule nzima tukatoka na jibu la kichwa chini miguu juu.

Na hiyo ya 20 ndani ya moja tusiipe sifa ya usafi pia. DVD ya kawaida ya safu moja inabeba GB 4.7, gawa kwa 20, kila muvi inabaki na kama MB 235, wakati muvi moja iliyotolewa vizuri inaweza kuijaza hiyo diski yote peke yake. Ndo maana mtu akikimbia kwenye zile diski alikuwa anageuka vigae, uso unakuwa miraba miraba, unamjua kwa sauti. Nasi tulikuwa tunapiga makofi.

Simlaumu chalii wa Ngarenaro, na wala sijifanyi mtakatifu, si ni mimi niliyempelekea flashi. Kwa miaka mingi madukani kwetu ya mwenyewe haikufika kabisa, na ikifika inakataliwa na deki, sasa neno lingefanya nini? Likahamia kwa kilichopo. Kati ya zile zilizorekodiwa ukumbini na zile zilizotolewa kwenye diski safi, hizi za pili zikapewa cheo. Naelewa kabisa. Ninachoomba ni cheo kirudi kwa mwenyewe, na hizi nyingine tuziite jina lake, safi, kali, angavu, Kiswahili hakijaishiwa.

Jioni yake tukaiweka. Mvua inapiga bati, chai ya tangawizi ipo, mtoto kajifunika khanga yangu. Picha ikatokea katikati ya TV kama dirisha, weusi kushoto weusi kulia, yaani ilikuwa imetolewa kwenye lile toleo la mraba. Rangi zilikuwa nzuri kwa kweli, chalii hakudanganya kwenye hilo. Kufika mahali Hogarth anaongea na mtu, mtu mwenyewe inaonekana pua tu na kipande cha kofia pembeni. Mtoto akaniuliza, "Mamdogo, mbona huyu ana nusu uso?" Nikamwambia nusu nyingine imebaki kwa mwenyewe. Akanyamaza, akasogea pembeni ya TV kuchungulia kama ataiona kwa nyuma.

Jumatatu nikarudi Ngarenaro, safari hii hakuna foleni. Nikamwambia chalii kwa upole, "Mdogo wangu, ile muvi ilikuwa safi, nashukuru, ila siyo orijino. Orijino ni ya mwenyewe. Na hata hiyo safi ilikuwa imekatwa pembeni." Nikamweleza na mambo ya upana na kanda na bamkubwa wangu, akanisikiliza vizuri tu huku anahamisha mafaili ya mtu mwingine. Nilipomaliza akatikisa kichwa kukubali, akafungua folda nyingine.

"Nimekupata dada. Basi subiri nikuwekee ile pana, hiyo ndo orijino yenyewe."

Nikampa flashi.