Kabla ya Kuweka Linux, Ijue Prosesa Yako

Tangu msaada wa Windows 10 ulipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, dawati letu la TEHAMA hapa Nairobi linapokea malalamiko yaleyale kila wiki: "Nimejaribu kuweka Linux, mashine imekataa." Wengi wamenunua laptopu za mitumba Luthuli au Moi Avenue na kuambiwa na muuzaji kwamba Linux, mfumo endeshi huria unaowekwa badala ya Windows, huingia kwenye mashine yoyote. Si kweli, na tunaomba wauzaji waache kusema hivyo. Kila distro (toleo la Linux lililofungashwa tayari, kama Debian au Ubuntu) hujengwa kwa aina maalum ya prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta, na kiwango cha chini kinazidi kupanda.

Tuanze na mashine za biti 32. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya i386, jina la Debian kwa biti 32. Aliye na Debian 12 ya biti 32 asiipandishe hadi 13. Debian wenyewe wanashauri mfumo usakinishwe upya kwa amd64 (biti 64) ikiwa prosesa inauweza, la sivyo mashine ipumzishwe.

Kosa linalotusumbua zaidi ni la wenye biti 64 wanaodhani wamemaliza. Red Hat Enterprise Linux 9, distro ya seva za taasisi, ilidai kiwango cha x86-64-v2, yaani ngazi ya pili ya uwezo wa prosesa za biti 64 za Intel na AMD. Toleo la 10, la Mei 2025, linadai x86-64-v3, yaani lazima prosesa iwe na maagizo ya AVX2. Intel iliyaleta mwaka 2013 katika kizazi cha Haswell, lakini Celeron na Pentium nyingi, prosesa zake za bei nafuu, za miaka iliyofuata zilitolewa bila hayo. Kwa hiyo usitujie na hoja kwamba mashine ni ya 2017. Mwaka wa kutengenezwa hauthibitishi chochote. Mwenye seva ya kiwango cha v2 bado ana njia: AlmaLinux 10, distro inayofanana na Red Hat, hutoa pia toleo lililojengwa kwa v2.

Upimaji hauchukui dakika tano. Washa mashine kwa flashi yenye mfumo wa majaribio, bila kusakinisha chochote. Fungua tamino (terminal, dirisha la kuandikia amri) na uandike lscpu. Usitegemee amri ya uname -m peke yake, kwa sababu prosesa ya biti 64 inayoendesha mfumo wa biti 32 itakujibu i686. Katika jibu la lscpu, soma mstari wa "CPU op-mode(s)" uone kama unataja 64-bit, kisha utafute avx2 kwenye mstari wa "Flags". Ukiwa kwenye Debian ya amd64, andika pia /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 --help; mwishoni utaona viwango ambavyo mashine yako inavikubali. Piga picha ya majibu hayo kabla ya kulipa, si baada ya kulipa.

Kwa ARM, familia ya prosesa tofauti na za Intel na AMD, mambo ni tofauti kabisa. Seva za ARM zinazofuata UEFI na ACPI (viwango vya kuwasha mashine na kuorodhesha vifaa vyake) hujieleza zenyewe kwa kerneli, ndiyo maana kisakinishi kimoja hutosha kwa aina nyingi. Laptopu nyingi za ARM, zikiwemo za Snapdragon X zilizoanza kuuzwa katikati ya 2024, huhitaji jedwali la vifaa lililoandikwa kwa modeli hiyohiyo. Likikosekana, kioo hubaki cheusi, au mfumo unawaka bila sauti wala Wi-Fi. Kusema "Ubuntu ina ARM" hakutoshi. Uliza kama ina modeli yako.

RISC-V, familia nyingine ya prosesa yenye muundo huria, sasa ni usanifu rasmi katika Debian 13. Ni hatua kubwa na inatufurahisha, ila anayetaka seva ya ofisi leo hatumshauri aanzie hapo.

Kwa taasisi zinazotunza data za watu (saiba, zahanati, shule, sako), kubaki na mfumo uliozeeka kuna uzito wa kisheria. CentOS 7, distro ya seva, ilikoma kupokea marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024, na bado tunaikuta kwenye seva kwa sababu eti "inafanya kazi." Data zikivuja kwa namna inayohatarisha wenyewe, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue. Ukichelewa, unaambatanisha sababu za kuchelewa. Anayechakata data kwa niaba yako anapaswa kukuarifu wewe ndani ya saa 48. Faini ya kiutawala hufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo kati ya viwili hivyo. Kukaidi notisi ya utekelezaji (amri ya Kamishna ya kurekebisha kosa) bila sababu ya msingi ni kosa la jinai: faini isiyozidi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili.

Unapokuja kwenye dawati, leta picha ya lscpu, jina kamili la modeli lililo chini ya mashine, na jina la distro pamoja na namba ya toleo. Anayekuja na laptopu pekee tutampokea, lakini tutaanza kwa kumwandikisha hayohayo.